Mjomba kabadili njia ya mlima, na kurasa zangu zimeshatiwa wino

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Pasua hapa Moshi na mama yangu. Kazi yangu ni kuchora katuni. Sijaajiriwa, natafuta wateja mwenyewe: mabango ya saluni, kadi za harusi, vipeperushi vya afya, na mara mojamoja hadithi nzima ya picha, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu tangu utoto.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ana kampuni ya utalii Arusha inayopandisha wageni Kilimanjaro. Mwanzoni mwa mwaka aliniita, akasema anataka kitabu cha katuni cha kurasa 16 cha kuwapa wageni wanaokuja na watoto, kionyeshe safari ya mlimani siku kwa siku. Mhusika awe mtoto wa mpagazi, wale ambao huku tunawaita wagumu, anayemfuata baba yake hadi kileleni. Aliishia hapo. Jina, sura, tabia, lile koti la mvua la baba yake linalomfika kwenye vifundo vya miguu, vyote nimetunga mimi. Anaitwa Manka. Tulipatana shilingi 40,000 kwa ukurasa, jumla 640,000, akanirushia 200,000 kwenye simu palepale. Hatukuandikishana chochote. Nani anamwandikisha mjomba wake mkataba?

Mimi nikipata kazi huwa najifungia. Naandika hadithi kwenye daftari, nachora kwa penseli, natia wino kwa kalamu ya kuchovya, ndipo naskani na kuweka rangi kwenye kompyuta. Ukurasa mmoja unakula kama siku mbili, umeme ukiwepo. Sipendi mtu aone kazi ikiwa penseli. Watu wakiona penseli wanadhani ndiyo mwisho, wanaanza kucheka mikono mirefu na vichwa visivyo na macho. Kwa hiyo nilisubiri kurasa tisa zitiwe wino zote, ndipo nikamtumia.

Alinijibu kwa sauti WhatsApp, usiku. Akaanza na "safi sana mpwa wangu", kisha akasema wageni wake wengi siku hizi wanapita njia ya Machame, siyo ya Marangu, basi nibadilishe "vile vibanda tu". Shangazi, kurasa tano kati ya zile tisa zina vibanda vya Mandara na Horombo! Tatu vinaonekana nyuma ya watu, na mbili watu wamo ndani kabisa, mezani, wanakunywa supu. Kesho yake sauti nyingine: kitabu kiwe cha Kiswahili na cha Kiingereza pia. Halafu niongeze kurasa mbili za usafi wa mazingira. Halafu Manka atawekwa kwenye fulana za wagumu, na fulana za kuuza dukani, na kwenye milango ya magari. Habari ya pesa hajaigusa. Binamu yangu naye akachangia kwamba akili mnemba ingeshamaliza kitabu chote kwa jioni moja.

Mama anasema nisithubutu kumuudhi kaka yake. Baba alipofariki, ni mjomba aliyenilipia ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Ni kweli, na sijasahau.

Kuna jingine. Nina hadithi yangu mwenyewe, ya mtoto anayefuata mfongo, yaani mfereji wa asili wa Wachaga, wa babu yake kutoka shambani hadi chanzo cha maji, juu msituni. Tangu nianze kazi ya mjomba sijaigusa. Nikikaa nayo mkono unakuwa mzito, nafunga daftari.

Je, nimalize kazi yake kimya ili amani iwepo? Nimrudishie pesa yake yaishe? Na Manka ni wa nani?

Binti wa Pasua, Moshi


Marahaba mwanangu, na mama msalimie.

Pesa usirudishe, na kazi usiimalize kimyakimya. Tuanze na hesabu, maana hesabu haina mjomba. Kurasa tisa za wino kwa 40,000 ni 360,000. Umepokea 200,000. Kwa hiyo hata kabla ya habari za Machame, wewe ndiye unayemdai 160,000. Ukirudisha ile 200,000 utakuwa umechora bure na radhi ukaomba wewe.

Sasa "vile vibanda tu". Hapo nilicheka peke yangu. Marangu ndiyo njia pekee mlimani yenye vibanda vya kulala wageni. Machame watu wanalala kwenye mahema. Ukihama njia umehama na kila kitu. Mandara na Horombo zinatoka, zinaingia kambi za Shira, Barranco na Barafu. Wa Marangu wanaondoka usiku kibanda cha Kibo na kufikia ukingo wa kreta pale Gilman's Point. Wa Machame wanaondokea Barafu na kufikia Stella Point, ndipo waendelee hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kushuka pia ni kwingine: wa Marangu wanarudi walikopandia, wa Machame wanashukia njia ya Mweka. Na pale Barranco kuna ule ukuta wa mawe ambao wageni wanaupanda kwa mikono na miguu huku wagumu wakiwapita na mizigo kichwani. Mchoraji gani atauruka ule?

Haya yote mjomba wako anayajua kuliko mimi na wewe. Asichokijua ni wino. Basi muulize kwa lugha ya biashara yake: mgeni akishafika Horombo, akalala, asubuhi akasema sasa anataka njia ya Machame, kampuni inamwambia nini? Na inamtoza shilingi ngapi? Nadhani hatahitaji maelezo mengine.

Ila na wewe nina neno lako, na ndilo kubwa kuliko yote katika barua hii ingawa umelipitisha harakaharaka. Unasema hupendi mtu aone penseli. Mwanangu, hapo ndipo shida ilipozaliwa. Siku mjomba anaiona kazi yako kwa mara ya kwanza, wino ulikuwa umeshakauka kurasa tisa. Mteja wa katuni si mchoraji. Ukimsimulia kwa mdomo kwamba Manka analala Mandara, ataitikia tu "sawa, sawa" huku anajibu simu nyingine. Mpaka akione kibanda kwa macho ndipo anakumbuka kwamba wageni wake hawalali humo tena. Hana ubaya. Wateja karibu wote wako hivyo, hata wasio ndugu, hata wale wa mashirika wenye mihuri. Kubadili mawazo hutamzuia. Unachoweza ni kumfanya ayabadilishe mapema, wakati gharama yake ni raba.

Fanya hivi safari nyingine. Chukua karatasi moja ya A4, igawe vyumba 16, kila chumba kisizidi ukubwa wa kiberiti. Chora kitabu kizima humo kwa vijiti: nani yuko wapi, fremu ngapi kwa ukurasa, mvua inaanza lini, ni ukurasa gani msomaji anaufunua akutane na theluji. Vichwa viwe mayai. Hapo hakuna mikono mirefu ya kuchekwa kwa sababu hakuna mikono. Usimtumie kwenye simu. Nenda nayo, kaa naye, mpitishe chumba kwa chumba ukimsimulia kwa kidole. Neno Machame lingetoka pale pale, nawe ungefuta vijiti vitano ukaondoka zako. Akiridhika, mwandikie ujumbe mfupi kwamba mmekubaliana mpangilio huu, naye ajibu ndiyo. Kisha anaona penseli, na hapo mpe nafasi mbili za marekebisho bila malipo. Wino ukishaingia, kila fremu inayoguswa ina bei yake, na bei hiyo awe ameisikia kabla hujachovya kalamu.

Uone mwenyewe ninachosema: kurasa zako saba zilizobaki, za kileleni na za kushuka, hazina ugomvi wowote. Hazijatiwa wino. Zihamishie Machame bure kabisa, hata usizitaje.

Zile tano sasa. Tatu ambazo vibanda viko nyuma ya watu usizichore upya. Mchana bandika ukurasa kwenye kioo cha dirisha, weka karatasi nyeupe juu yake, chora mahema peke yake kwa wino mahali vibanda viliposimama. Skani kwa dpi (nukta kwa inchi) 600, maana mistari ya wino kwa 300 huota meno ikichapwa, kisha futa vibanda kwenye kompyuta na upandikize mahema. Kwa kazi hiyo 20,000 kwa ukurasa inatosha. Zile mbili za mezani hazina ujanja, ni kurasa mpya, 40,000 kila moja. Michoro ya zamani usiichane. Marangu haijafungwa, na kampuni inayopandisha watu ipo siku itataka kitabu cha Marangu.

Kurasa mbili za mazingira zina mtego ambao wote wawili hamjauona. Kitabu cha kubana kwa pini katikati, kila karatasi ikikunjwa inazaa kurasa nne. Kumi na sita ni karatasi nne. Kumi na nane haipo, mwenye mashine atawarudisha mwende 20, na mjomba atadhani umemwongezea makusudi. Lakini kama jalada ni karatasi ya peke yake, na kwa kitabu cha kugawia wageni ningeshauri liwe la karatasi nzito, basi pande zake mbili za ndani ziko tupu. Usafi wa mazingira ukae humo, upande mmoja mbele, mmoja nyuma. Anapata kurasa zake mbili, nawe unapata 80,000 bila kuvuruga hadithi. Ongea na mchapaji kabla, akuambie anataka ziada ya milimita ngapi kwenye kingo za kukatwa; wengi husema 3.

Kiingereza si kazi ngumu endapo hujaandika maneno kwa mkono ndani ya picha. Maneno yakae kwenye leya yake, yaani tabaka la peke yake kwenye kompyuta, viputo vya maneno viwe na nafasi ya kupumua, kisha unabadilisha lugha bila kugusa mchoro. Kutafsiri si kazi yako. Wakuletee maandishi yaliyokwisha kusomwa na mtu anayeijua lugha, wewe uyapange tu. Hilo mpe bure kama unapenda. Na "pole pole" iache ilivyo katika vitabu vyote viwili, wageni wanaijua kabla hawajafika getini.

Kuhusu binamu na akili mnemba yake, mwambie akuletee kurasa mbili zinazofuatana ambazo koti la Manka halijabadilika vifungo. Tuendelee.

Manka. Hapa usiwe na haraka ya kuwa mpole. Wazo la mtoto wa mpagazi lilitoka kwa mjomba, ni kweli, lakini wazo tupu halilindwi na hakimiliki. Kinacholindwa ni mchoro wenyewe: sura ile, koti lile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi tangu inapotengenezwa, hata kama hujaisajili. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunakusaidia kwenye ushahidi mkija kubishana. Ulinzi wenyewe unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kwa kazi ya kuagizwa, ubishi hupenda kuingia pale ambapo hakuna karatasi, kwa hiyo iwepo karatasi, hata nusu ukurasa yenye sahihi mbili: kampuni imenunua haki ya kuchapa na kugawa kitabu hiki kwa lugha mbili, mhusika Manka na michoro ya asili ni ya mchoraji, matumizi mengine yanapatanwa upya.

Fulana ni "matumizi mengine". Za wagumu wake mwenyewe, mpe kwa bei ndogo ya mara moja, ni heshima Manka kuvaliwa na wagumu. Za kuuza dukani ni biashara, nawe ule humo: kiasi fulani kwa kila fulana, kwa mwaka mmoja, kisha mzungumze tena. Magari vivyo hivyo. Ali Masoud alichora panya mdogo magazetini mpaka nchi nzima ikamwita Masoud Kipanya. Mhusika anaweza kumlea mchoraji miaka mingi, kwa hiyo usimtupe ndani ya furushi la 640,000 kama nyongeza ya mchele.

Ada ya shule. Mama yako ana haki ya kuikumbusha, na wewe una wajibu wa kuiheshimu. Lakini ada ile mjomba aliitoa kwa mtoto wa dada yake aliyefiwa na baba. Hakuwa analipia kianzio cha kitabu cha katuni. Ukianza kuilipa kwa kazi isiyoandikwa, hutajua lini imeisha, naye hatajua kama umelipa. Shukrani itoe, ila ionekane kuwa ni shukrani. Kwenye ankara andika bei yote kamili, kisha mstari wa chini: "Punguzo kwa mjomba, 60,000." Hiyo ndiyo bei ya yale mahema matatu ya kupandikiza. Aione kwa macho. Punguzo lisiloandikwa hakuna anayelishukuru.

Kwa hiyo ankara itasoma hivi: kurasa 16 ni 640,000, kurasa mbili mpya 80,000, mahema matatu 60,000, pande mbili za jalada 80,000, jumla 860,000. Toa punguzo, 800,000. Toa uliyopokea, inabaki 600,000. Nusu kabla hujachora hema la kwanza, nusu siku ya kukabidhi faili. Mpelekee mhasibu wa kampuni, siyo mjomba. Ofisi ndiyo inayonunua kitabu. Mjomba abaki mjomba. Ukitaka kuonana naye, panda gari siku ya kazi uende Arusha ofisini, haya yasizungumzwe Jumapili sebuleni kwa mama huku ndizi zinapoa. Mama mweleze mapema asije akashtukizwa, lakini usimtume kusema kwa niaba yako.

Jiandae pia na TIN, namba ya mlipa kodi, inatolewa bure. Kampuni inayolipia huduma inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa 800,000 ni 40,000, na kukupa cheti chake. Usione umedhulumiwa. Dai cheti.

Hadithi yako ya mfongo sina mengi ya kuisemea, maana sidhani ina ugonjwa wowote. Unaifungua usiku, baada ya kusikiliza sauti za mjomba. Ifungue asubuhi kabla hujawasha simu, fremu moja tu kwa penseli, kisha uende kwenye kazi ya watu. Na kama una njia ya kupanda Kibosho au Marangu Jumamosi moja ukauchore mfongo wenyewe, nenda. Maji yanavyopinda kwenye mizizi ya mgomba hutayatunga ukiwa chumbani Pasua.

Ujumbe wa kumtumia mjomba nimekuandikia, ubadilishe upendavyo:

"Shikamoo mjomba. Maoni yako yote nimeyapata na nimeyafanyia kazi, kitabu kitakuwa cha njia ya Machame. Kwa kuwa kurasa tano za Marangu zilishakamilika, kuna za kuchora upya na za kurekebisha. Nimeweka yote kwenye ankara niliyomtumia mhasibu, pamoja na punguzo langu kwako. Kurasa za mazingira nimezipatia nafasi nzuri ndani ya jalada. Fulana na magari naomba tuzungumze peke yake, nitakuja ofisini Jumatano. Nitakuja na mpangilio wa kurasa zilizobaki uupitie kabla sijatia wino."

Akigoma kabisa, mkabidhi zile tisa za Marangu kama zilivyo, dai 160,000 yako, na Manka ubaki naye. Ila sioni akigoma. Mtu anayetaka kumbandika mtoto kwenye mlango wa gari ameshampenda.